Zabibu za Tonton Akilimali

Jumatatu, 3 Machi 2025

Habari njema! Nsimire amepiga simu saa ya mapumziko ya kazi. Tonton wake, Akilimali, amekubali kunipokea mara ya pili. Jumamosi ya tarehe 15, saa saba mchana, nyumbani kwao Liverpool, hapahapa Sydney. Mara ya pili! Nilidhani mlango ule umeshapigwa misumari.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Mara ya kwanza, Desemba, niliharibu. Akilimali ni mjomba wake. Ndiye aliyemlea tangu wakiwa kambi ya wakimbizi, ndiye aliyemleta Sydney, na ndiye atakayesema kama nimuoe au nisimuoe. Aliniuliza kazi yangu. Swali dogo tu. Ningejibu: mimi Mwiti, naendesha basi dogo la nyumba ya wazee huko Campbelltown, nawapeleka wazee kwa daktari wa meno na kuwarudisha. Badala yake nikausikia mdomo wangu ukisema nina kampuni ya usafirishaji.

Akauliza malori mangapi. Nikasema kadhaa. Akauliza rangi gani. Rangi! Nani anauliza rangi ya lori? Nikasema kijani. Baada ya dakika kumi nikasema bluu. Niliondoka kabla ya chai.

Nsimire alininunia hadi mwisho wa Januari. Leo amesema nije kama nilivyo, niseme kazi yangu halisi, nibebe na tunda kidogo kwa heshima. Tonton anapenda sana rezini, amesema. Ile ya Kijapani.

Rezini. Nimeandika kwenye kiganja. Jambo rahisi kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Nimenunua zabibu kavu kilo mbili. Nzuri, nyeusi, zile za kutia kwenye pilau. Za Kijapani sikuziona, lakini mfuko una picha ya mlima, na Japani kuna mlima.

Nikampigia Nsimire kumpa taarifa. Akaniambia nirudie. Kisha kicheko. Alicheka mpaka basi lake likampita kituoni, halafu akanilaumu mimi kwa basi. Kumbe kwao Bukavu, kule Kongo, rezini ni Kifaransa, na kwa Kifaransa ni zabibu mbichi. Ningejuaje? Sisi tulisomeshwa Kiingereza, na kwa Kiingereza rezini ni zile zilizokunjamana. Watu wawili, Kiswahili kimoja, na bado tunahitaji mkalimani.

Basi akanieleza polepole kama ananielekeza nyumba. Jina lake Shaini Maskati. Kijani, inaelekea manjano. Punje kubwa kama jicho la ng'ombe. Haina mbegu. Humenyi, unakula na ganda lake. Ukiing'ata inalia kakh! kisha kinywa kizima kinanukia maua. Amesema mara ya kwanza aliila kwa Tonton na siku ile hakutaka kupiga mswaki.

Nikamuuliza Tonton anazitoa wapi zabibu kama hizo. Amesema nimuulize mwenyewe. Nimuulize mwenyewe! Mwanamume anayenihoji rangi ya malori!

Kiptoo amesikia yote kupitia ukuta. Kiptoo ni mwenzangu wa nyumba hapa Minto, nesi wa hospitali, mtu wa Nandi, na ana ugonjwa mmoja tu: kila kitu anakijua. Ametoka chumbani bila kuitwa. Amesema zabibu hizo anazifahamu, binti wa mgonjwa wake mmoja huleta. Akaanza kuhesabu kwa vidole: usinunue mapema, usichague za kijani kibichi, usioshe kabla ya siku yenyewe, usigandishe. Nimemwambia mimi nimezaliwa Meru, ambako matunda yanaanguka juu ya watu wakiwa wamelala. Mtu wa Nandi anifundishe maziwa. Matunda aniachie.

Amechukua zabibu zangu kavu, ametia kwenye uji wake.

Jumamosi, 8 Machi

Liverpool asubuhi. Duka la matunda la Wachina, nyuma ya stesheni. Ziko! Zimewekwa peke yake, juu ya karatasi laini, kila kichala na sanduku lake la dhahabu, kama meno ya bandia ya mfalme. Bei sitaiandika. Shajara hii inaweza kumfikia mama yangu.

Muuzaji, mama mmoja mwenye aproni nyekundu, amenipa punje moja nionje. Nimekataa. Mbinu hiyo naijua: unaonja, unaona haya, unanunua. Nilikuwa nimeshaamua kununua, lakini kataa ni kataa.

Akanionyesha kichala cha manjano-manjano. Akasema hicho ndicho kitamu zaidi, kimeiva, harufu imeingia. Nimecheka kimoyomoyo. Ananipa kilichozeeka! Kwani mimi nimeshuka kwenye ndege leo? Nimechagua cha kijani kuliko vyote, kijani kama jani la chai. Yule mama ameinua mabega. Waliopoteza mchezo huinua mabega.

Nimekaa na sanduku mapajani hadi Glenfield, nikabadilisha treni, nikaendelea nalo mapajani hadi Minto. Ajuza mmoja ameniuliza kama ni mtoto. Nimemwambia ni zaidi.

Kiptoo ametazama sanduku, akatazama kalenda. Amesema siku saba. Nimemwambia naona wivu unamla.

Jumapili, 9 Machi

Balaa!

Nimefungua sanduku baada ya ibada nizitazame kidogo. Zina vumbi jeupe! Punje zote, kama zimepakwa unga. Sumu, nikasema. Dawa ya wadudu. Yule mama wa aproni alitaka kumuua Tonton kwa mkono wangu.

Nimeziosha kwa sabuni ya vyombo na sponji. Punje moja moja, kazi ya saa nzima. Sasa zinameremeta kama taa za Krismasi.

Kiptoo amenikuta nikizikausha kwa taulo. Ameshika kichwa. Amesema lile si vumbi wala si sumu, ni nta ya zabibu yenyewe, inaizuia isinyauke, na watu hulipia ili waione. Nimemwambia kama ni nta akatengeneze mshumaa.

Alipoondoka nikaonja moja, kuhakikisha. Ndimu. Ndimu na povu. Nimesukutua kwa chai mara tatu na bado nikipiga mwayo natoa harufu ya jikoni.

Nadhani harufu itaisha kufikia Jumamosi. Tatizo ni Kiptoo. Anaitazama friji kwa jicho lisilo zuri, na pale kwenye rafu ya juu maziwa yake ya mala yanachacha yakitoa harufu ya zizi. Sanduku tupu nimelificha chini ya kitanda. Zabibu zenyewe nimezitia kwenye friza, nyuma ya njegere. Huko hakuna mtu atakayezigusa.

Jumanne, 11 Machi

Mawe.

Nimezitoa. Zikigongana zinalia kama gololi. Nimeziweka dirishani juani nikaenda kazini. Nimerudi saa kumi: zimepasuka, zimelegea, zimejikalia kwenye dimbwi la maji yake kama soksi zilizovuliwa.

Kiptoo alikuwa anazila kwa kijiko. Amesema kama ningezitoa zikiwa bado zimeganda tukazila hivyo hivyo, zingekuwa kama aiskrimu. Amesema hata sasa si mbaya, ila kuna kitu ndani yake kinamkumbusha sinki. Akamaliza bakuli.

Nimeenda kusimama uani.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeomba ruhusa ya saa mbili kazini, nimekimbia Liverpool. Zimekwisha! Mama wa aproni amesema nyingine zinaletwa Jumatatu. Nimemwambia Jumatatu mimi nitakuwa sina mchumba. Akaniuliza zile za Jumamosi zilikuwaje. Nimesema tamu sana. Akaniuliza kama nilisikia ile harufu ya maua. Nimesema nilisikia harufu, ndiyo.

Maduka mengine manne: hakuna. La tano: hakuna, na mwenye duka akanicheka.

Nimekaa kwenye benchi nje ya stesheni. Hapo ndipo wazo limenijia, na lazima niseme, ni wazo la mtu aliyetulia. Sanduku la dhahabu bado ninalo. Karatasi laini ninayo. Kinachokosekana ni zabibu tu! Nikaingia supamaketi nikachukua zabibu za kijani za kawaida, zile za kila siku, hazina mbegu pia. Ni ndogo kidogo na ndefu kidogo, lakini nani anapima? Zabibu ni zabibu.

Ikabaki harufu. Kwenye duka la viungo nimepata chupa ya maji ya waridi, yale ya kutilia kwenye biriani. Maua ni maua. Jioni hii nimezipaka punje zote kwa pamba. Sikuziosha kwa sabuni. Mtu hujifunza.

Siwezi kwenda peke yangu kuposa, lazima mtu anisemee. Sina ndugu hapa. Nina Kiptoo. Nimemwomba. Amechungulia sanduku, amenusa, amerudi nyuma hatua mbili. Kisha amesema atakuja, atavaa suti, atanisifu kwa yale ya kweli, ila sanduku hataligusa na kuhusu sanduku hatafungua mdomo.

Nimemuuliza atanisifu kwa lipi. Amesema bado anafikiri.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika haya mezani, saa kumi na mbili jioni, tai bado shingoni. Niandike yote, hata yale yanayouma.

Tulifika saa saba kamili. Mlango ulifunguliwa na Tantine Marie-Jeanne, mke wa Tonton. Wao husalimiana kwa kugusana vichwa mara tatu, upande huu, upande ule, na huu tena. Mimi nilisimama kwenye mbili, ya tatu ikampiga puani. Nsimire alikuwa amevaa kitenge cha manjano. Alinitazama, akalitazama sanduku, akatabasamu. Lile tabasamu! Nilijisikia mtu mwenye malori.

Nyuma ya mlango kulikuwa na koti nene sana la baridi, lenye mistari ya kung'aa. Nikashangaa mtu anafanya nini na koti kama lile kwenye joto hili la Machi. Sikuuliza.

Tulikula. Fufu, kisamvu chao wanachokiita sombe, samaki mkavu wa kukaangwa. Kiptoo akasimama akanisemea. Alisema: namfahamu Mwiti miaka minne, hajawahi kuchelewesha mzee hospitali, hajawahi kumfokea mtu, na hali cha mtu ila kwa bahati mbaya. Haikuwa mbaya. Kisha Tonton akavuta sanduku.

Tonton ni mtu mfupi, wa maneno machache, mikono mikubwa. Alifungua karatasi taratibu kuliko nilivyotarajia, kwa vidole viwili, kama anayefungua bandeji. Akakamata kichala kwa kikonyo. Akakizungusha kwenye mwanga. Akanusa. Akanusa tena. Akampa mkewe.

"Inanuka kama mutoto bametoka kumuosha," akasema Tantine.

Tonton akaniangalia. "Mwiti, hii umeitosha wapi?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa! Nsimire alikuwa ananitazama. Kiptoo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Japani, mzee," nikasema. "Moja kwa moja. Kwa ndege."

"Lini?"

"Juzi."

"Juzi," akasema, polepole. "Huu ni mwezi wa tatu. Japani kungali baridi. Mizabibu yao haina hata jani. Batavuna mwezi wa nane, wa kenda."

Kiptoo alikohoa. Mimi nikasema labda hii ni ya Japani ya kusini.

Tonton hakucheka. Alilipindua sanduku tupu, akaweka kidole kwenye kibandiko kidogo cheupe pembeni, ambacho mimi nimekilalia siku nne chini ya kitanda bila kukiona.

"Soma."

"Kumi na saba," nikasoma.

"Kila mutu anafungaka sanduku, anabandika namba yake. Kumi na saba ni miye."

Kumbe miaka tisa sasa Tonton anafanya kazi kwenye ghala la baridi la matunda. Hapa Minto! Upande wa viwanda, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kitandani kwangu! Kila mwaka kuanzia Februari, Shaini Maskati inaletwa kutoka mashamba ya jimbo la Victoria. Mche ni wa Wajapani, udongo ni wa huku, na yeye ndiye anayeionja kabla haijafungwa. Koti lile ni lake. Nsimire aliniambia nimuulize mwenyewe. Desemba yule mzee aliniuliza kuhusu kazi yangu saa nzima, na mimi sikumuuliza yake hata mara moja.

Nsimire aliinuka akaenda jikoni. Hakufunga mlango kwa nguvu. Ningependa angeufunga kwa nguvu.

Nikasema nitaondoka. Tonton akasema, "Kaa." Akamfuata Nsimire jikoni, nikasikia friji ikifunguliwa. Akarudi na bakuli. Ndani kichala kimoja, cha manjano-manjano, rangi ileile niliyoikataa, na ule unga mweupe juu yake. Akasema kingoje kidogo baridi ipungue, kwani kikiwa baridi sana harufu inalala. Akakisuuza kwa maji matupu. Akakiweka mbele yangu.

Nikanyoosha mkono kuchukua punje ya juu, kubwa kuliko zote. Akanipiga kidole.

"Anza chini. Sukari inaanzaka juu, kwenye bega, inashuka. Ukianza juu, kila punje ya mbele utaona inapunguka. Anza chini, upande. Na usimenye. Ng'ata."

Nikang'ata.

Sijui niandikeje. Ganda lilikatika, kakh, kama Nsimire alivyosema, halikubaki ulimini hata kipande. Ndani si maji-maji kama zabibu nyingine. Ni nyama, ngumu kidogo, unaitafuna. Utamu umejaa lakini hauchomi, uchachu karibu hakuna. Na baada ya kumeza ndipo harufu inakuja, kutoka nyuma ya pua, kama umepita kwenye ua wa mtu maua yamechanua na huyaoni yako wapi. Ya pili ilikuwa tamu zaidi. Ya tatu zaidi. Nilijikuta nimefumba macho mbele ya watu.

Nikafikiria kile kichala changu. Nilikiosha kwa sabuni. Nilikifanya mawe. Nilitaka kulia kwa ajili ya zabibu, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, kwenye nyumba ya wakwe.

"Sasa," akasema Tonton. "Kazi yako ni gani?"

Nikasema. Kinywa kikiwa bado kinanukia vile, sikuona jinsi ya kusema kingine. Nikasema naendesha basi dogo la nyumba ya wazee. Lina viti kumi na viwili. Akauliza wazee wenyewe ni nani. Nikamweleza habari za Bwana Graham, ambaye lazima akae kushoto dirishani la sivyo safari haianzi. Nikamweleza za Bibi Dorothy, ambaye kila tukisimama kwenye taa nyekundu huniuliza kama tumefika, nami humwambia taa moja tu imebaki, na kila mara anafurahi upya. Nikamweleza jinsi ya kumshusha mtu kutoka kwenye basi bila kumfanya ajihisi mzigo. Niliongea sana. Nsimire alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi.

Tonton alisukuma bakuli pembeni.

"Mama yangu alitembea siku nane, tukikimbia," akasema. "Hapakuwa na mutu wa kumubeba. Miye nilikuwa nabeba batoto. Weye kazi yako ni kubeba bazee, na unaona haya? Unaitaka malori?"

Nilitikisa kichwa.

Akasema nirudi baada ya wiki mbili. Mikono mitupu. Mdomo wa kweli. Nikija na sanduku, hata liwe na nini, nisipande ngazi. Zabibu zangu Tantine amesema atazipika jemu, ila atafungua madirisha.

Nsimire alitusindikiza hadi chini. Amesema dakika mbili tu za ukweli na Tonton alikuwa ananisikiliza kama redio. Amesema hana muda wa kuolewa na watu wawili, mmoja anayeendesha basi na mmoja anayeendesha uongo. Nichague nani atakuja tarehe 29. Nikasema wa basi. Amesema vizuri. Akapanda ngazi mbili, akageuka.

"Lakini maji ya waridi, Mwiti!"

Jumapili, 16 Machi

Kiptoo amewasimulia kanisani. Wote! Mchungaji ameniita Japani ya Kusini mbele ya kwaya.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimepita kwenye ghala lile kwa miguu baada ya kazi. Tonton alikuwa anatoka, koti mkononi. Nimemuuliza siku yake ilikuwaje. Swali hilo tu, hakuna zaidi. Ameongea kutoka getini hadi stesheni! Habari za vikonyo, vya kijani na vilivyokauka. Habari za dereva aliyeleta masanduku mia yamelowa. Treni yake imempita, akangoja nyingine, akaendelea. Ameniuliza Bwana Graham anaendeleaje. Nimesema amepata kofia mpya.

Rahisi namna hii? Nimekasirika njia nzima kurudi nyumbani. Miezi mitatu ya mateso, na dawa yake ni kumuuliza mtu siku yake ilikuwaje.

Jumapili, 30 Machi

Ndiyo! Amesema ndiyo!

Jana. Nimeenda na mikono mitupu, sikujua niiweke wapi, nimeitia mfukoni, Kiptoo ameitoa. Tantine nimemsalimia mara tatu kamili. Tonton ameniuliza mbele ya wote kama ninamtaka Nsimire kwa moyo wangu wote. Nimesema namtaka. Akauliza nina nini. Nimesema nina leseni ya basi, chumba Minto, na mama mmoja mwenye magoti mabovu. Akamgeukia Nsimire. Nsimire akasema, "Huyu ndiye." Tantine akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Nsimire alilia kidogo, akaniambia ninapendeza nikiwa sijabeba kitu.

Hapo ndipo ningenyamaza. Ningeinuka, nikashukuru, nikapanda treni. Lakini Tonton alikuwa amefurahi, akaanza kupanga. Akasema upande wao, kwa kikao cha familia mbili, Juni, watajaa: Wabukavu wa Liverpool wote, wengine watatoka hadi Brisbane. Akauliza upande wangu tutakuwa wangapi. Wazee hasa. Kikao bila wazee si kikao.

Ukweli ni huu: mama hapandi ndege. Kaka yangu aliye Maua, kule Meru, hapandi hata ngazi. Wameru ninaowafahamu Sydney ni wawili, wako Penrith, na hatusemeshani tangu uchaguzi wa chama.

Nikaona sura za watu wale zinavyongoja. Nikaona Nsimire anavyoonekana akiwa na furaha. Mdomo ukafunguka.

"Thelathini," nikasema.

Tonton akapiga makofi! Akamwambia Tantine akodi ukumbi mkubwa, si ule mdogo. Nsimire alinitazama. Mimi nilitazama dari. Kiptoo aliomba maji.

Tulipofika Minto Kiptoo ameapa kwa suti yake ile kwamba hatanisemea tena maisha yangu yote. Atanisemea. Si uongo huu, ni makadirio. Nimeshapiga hesabu. Wa Penrith wawili, nikiwaomba radhi. Kiptoo mmoja, akijifunza Kimeru. Juni ni mbali. Wanabaki ishirini na saba, na usiku sikupata hata mmoja.

Asubuhi hii nilikuwa zamu. Nikawa naosha basi nje ya nyumba ya wazee, na wao wamekaa pale barazani wananitazama, safu nzima, mablanketi magotini, mvi zimejaa heshima. Nikazima maji.

Wazee! Ninao! Viti kumi na viwili, safari mbili, na safari ya tatu kwa wa viti vya magurudumu. Wanapenda kutembezwa. Hawaulizi maswali. Bwana Graham ana fimbo yake mwenyewe na sauti ya kikao. Nimemwendea hapohapo, nimemuuliza kama Juni ana shughuli. Amesema hana shughuli tangu mwaka 2011.

Kuna kasoro moja tu: wote ni Wazungu. Tonton hataona tatizo, ni mtu wa watu. Ila Tantine Marie-Jeanne lazima atauliza.

Nitasema ni wa upande wa mama.